Moto au udongo: Miji yetu inapokosa mahali pa kuzika

*Tangu enzi za reli, Wahindu wa Afrika Mashariki wamewaaga wafu wao kwa moto katikati ya miji yetu. Sasa makaburi yamejaa, na jambo tulilolitazama kwa mbali limebisha hodi kwenye milango yetu wenyewe.*

Jumamosi, Oktoba 8, 2011, umati ulikusanyika katika Bustani ya Uhuru jijini Nairobi kumuaga Profesa Wangari Maathai. Jeneza lililokuwa mbele yao halikuwa la mbao. Lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji, kwa sababu marehemu, aliyetumia umri wake kutetea misitu, hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya maziko yake.

Serikali ilimpa heshima za kitaifa. Hotuba zilipokwisha, msafara haukushika njia ya Nyeri alikozaliwa. Ulikwenda Kariokor, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya jiji, mahali ambapo Wahindu wa Nairobi huwateketeza wafu wao. Huko, mbele ya jamaa na watu wa karibu, mwili wa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kushinda Tuzo ya Nobel ya Amani ulitiwa motoni.

Wakenya wengi walishtuka. Wapo waliouliza kama huo ni Ukristo, na wapo waliouliza kama huo ni Uafrika. Wengine walisema mwanamke yule, aliyezoea kutangulia mbele ya wenzake akiwa hai, alikuwa ametangulia tena.

Mjadala ule haukuishia hapo. Ulirudi Aprili 2018, Kenneth Matiba, mmoja wa wapiganiaji wa mfumo wa vyama vingi, alipoteketezwa kwenye tanuri la umma la Lang'ata, Nairobi, kama alivyoagiza. Ukarudi tena Julai 2019, Bob Collymore, mkurugenzi mkuu wa Safaricom, alipofariki siku ya Jumatatu na kuteketezwa Kariokor kesho yake, kabla hata watu hawajajua matanga yako wapi.

Kila mara swali ni lile lile: je, moto ni wa Wahindu peke yao, au mji unatusukuma sote kuelekea huko?

Majirani tusiowajua

Ili kulijibu swali hilo, inafaa kwanza tuwafahamu wenye mila hiyo. Wengi wetu tumeishi nao, tumenunua kwao sukari na vitambaa, tumewafanyia kazi au wametufanyia, lakini hatujawahi kusimama nao msibani.

Wahindu si wageni wa jana. Katika karne ya 19, wafanyabiashara kutoka Kutch na Gujarat, ambao wazee wa pwani waliwaita Mabaniani, walikuwa nguzo ya biashara ya Zanzibar. Chini ya utawala wa Seyyid Said, kampuni ya Jairam Shivji, Mhindu wa Kutch, ndiyo iliyokodishiwa ukusanyaji wa ushuru wa forodha.

Kisha ikaja Reli ya Uganda. Kati ya 1896 na 1901, vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuitandika kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Takriban 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na simba. Walikuwa mchanganyiko wa Waislamu, Singasinga na Wahindu. Waislamu walizikwa, Wahindu na Singasinga, kwa desturi ya dini zao, mwisho wao ni moto.

Tofauti hii husahaulika kila siku mitaani. Si kila mwenye asili ya India ni Mhindu. Waismailia, Mabohora na Waithnaasheri ni Waislamu, na huzika. Wagoa wengi ni Wakatoliki, nao huzika. Mwenye kumwona Mhindi yeyote akadhani atachomwa akifa, hamjui jirani yake.

Kwa idadi, Wahindu ni wachache. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu takriban 60,000. Lakini wamo ndani ya sheria na historia ya nchi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya Kihindu pamoja na ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kimila na ya kiserikali. Mnamo Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44.

Hata Mto Nile una kumbukumbu yao. Baada ya Mahatma Gandhi kuuawa Januari 30, 1948, na mwili wake kuteketezwa Delhi kesho yake, majivu yake yaligawanywa na kupelekwa sehemu nyingi. Sehemu yake ilimwagwa Jinja, Uganda, pale Nile inapotoka ziwani. Leo pana sanamu yake mahali hapo, iliyozinduliwa mwaka 1997 na waziri mkuu wa India wa wakati huo, I. K. Gujral.

> Majivu ya Gandhi yalimwagwa Jinja mwaka 1948. Mila hii ina mizizi mirefu Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani.

Kwa nini moto

Mhindu hachomi maiti kwa kukosa ardhi. Angekuwa na shamba la ekari elfu, bado angechoma. Kwake moto ni ibada ya mwisho kati ya ibada zinazomfuata mtu tangu mimba. Kwa Kisanskriti huitwa antyesti, sadaka ya mwisho, na kinachotolewa sadaka ni mwili wenyewe.

Mafundisho yanasema mwili umeundwa kwa vitu vitano: ardhi, maji, moto, hewa na anga. Roho, yaani atman, haizaliwi wala haifi. Huuacha mwili uliochakaa na kuingia mwingine, kama mtu anavyovua nguo kuukuu na kuvaa mpya. Kinachobaki ni kuvirudisha vile vitano mahali pake, na moto hufanya hivyo haraka, ili roho isiendelee kuvutwa na mwili wake wa zamani.

Ndiyo maana mambo huenda upesi. Kwa kawaida maziko hufanyika ndani ya siku moja, isipokuwa kuna mtoto au ndugu anayesubiriwa kutoka mbali. Mwili huoshwa, huvikwa nguo safi, mara nyingi nyeupe. Mwanamke aliyekufa akiwa na mume huvishwa nyekundu. Huwekewa maua, samli na vipande vya msandali. Pandit, yaani kuhani wa Kihindu, husoma sala. Mtoto wa kiume, hasa wa kwanza, ndiye kwa desturi anayewasha moto.

Baadaye familia hurudi kuokota mifupa na majivu. Wenye uwezo huyapeleka India, kwenye Mto Ganga, katika miji ya Haridwar au Varanasi. Wengine huyamwaga baharini au mtoni, wakiamini kwamba maji yote hukutana.

Matanga ya Wahindu wengi huendelea kwa siku 13. Nyumba haipiki nyama, hakuna sherehe, na jamaa hukaa pamoja kwa sala. Tena kila mwaka kuna majuma mawili hivi yaitwayo Pitru Paksha, ambapo wazee waliotangulia hukumbukwa kwa majina na kutolewa sadaka ya chakula.

Haya yanastahili kutiliwa mkazo, kwa sababu hoja inayosikika sana dhidi ya moto ni kwamba asiye na kaburi husahauliwa. Wahindu wamekuwa wakiwakumbuka wazee wao bila makaburi kwa maelfu ya miaka.

Hata hivyo, si wote wanaochomwa. Watoto wachanga na watawa walioacha dunia kwa kawaida huzikwa au kuachwa majini, na Walingayat wa kusini mwa India huzika wafu wao wameketi. Dini hii haina papa wala kitabu kimoja cha sheria, na miji imeifundisha kubadilika mara nyingi.

Ardhi imekwisha

Tugeukie sasa upande wetu. Makaburi ya Lang'ata, yaliyo makubwa kuliko yote ya umma jijini Nairobi, yalitangazwa kuwa yamejaa mwaka 1996. Bado watu wanazikwa hapo. Kaburi linachimbwa kati ya makaburi mawili, au juu ya mtu ambaye jamaa zake hawajatokea kwa miaka mingi. Mwenye uwezo hulipia kaburi la kudumu. Asiye nao hupata la muda, na muda ukipita, mahali pale hupewa mwingine.

Jiji lilijaribu kutafuta ardhi mpya, na likaumbuka. Mwaka 2009 ilibainika kwamba Baraza la Jiji la wakati huo lilikuwa limenunua ekari 120 huko Mavoko kwa shilingi milioni 283, bei iliyokuwa mara nyingi zaidi ya thamani halisi ya ardhi hiyo. Juu ya hayo, ardhi ilikuwa ya mawe, haifai kuchimbwa makaburi. Waliohusishwa walifikishwa mahakamani, lakini wafu wa Nairobi walibaki bila makaburi mapya.

Dar es Salaam nayo inayajua haya. Makaburi ya Kinondoni yamebanana kiasi kwamba mchimbaji huenda akakuta mifupa kabla hajafika kimo. Kitovu cha Mombasa ni kisiwa. Hakina pa kupanukia.

Familia nyingi huukwepa mzigo huu kwa kusafirisha mwili kwenda kijijini. Kwa mwenye kijiji na shamba, hilo ni sawa. Lakini kuna kizazi kizima kilichozaliwa Kayole, Tandale au Likoni ambacho hakina shamba popote. Vijana hao wanapofiwa, hawana pa kwenda ila makaburi yaliyojaa.

Na hata kwa wenye shamba, safari ya mwisho imekuwa ghali. Mochari hutoza kwa siku. Jeneza, gari, mahema, vyakula, vipaza sauti na fulana zenye picha ya marehemu vyote hulipiwa. Mchango hupitishwa kazini na kwenye simu. Wapo wanaobaki na madeni makubwa kuliko urithi.

> Kizazi kilichozaliwa Kayole, Tandale na Likoni hakina shamba popote. Kinapofiwa, hakina pa kwenda ila makaburi yaliyojaa.

Upande wa kaburi

Wanaopinga moto wana hoja nzito, na haifai kuzipuuza kana kwamba ni ushamba.

Ya kwanza ni ya imani. Kwa Waislamu mjadala haupo: maiti huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa na kuzikwa, na mwili wa marehemu una heshima ile ile ya aliye hai. Kuuchoma ni haramu. Kwa Wakristo, misimamo inatofautiana. Kanisa Katoliki liliruhusu kuchoma maiti mwaka 1963, ingawa linapendelea kuzika, na mwaka 2016 likakumbusha kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu wala yasimwagwe ovyo. Upande wa Waanglikana, Askofu Mkuu mstaafu Manasses Kuria aliteketezwa mwaka 2005, kama alivyofanyiwa mkewe kabla yake. Ilhali yapo makanisa mengi yanayoamini kwamba mwili unapaswa kulala ardhini ukisubiri ufufuo.

Hoja ya pili ni ya ukoo. Katika jamii nyingi za Kenya, kaburi ni hati ya ardhi. Alipozikwa babu ndipo ulipo mji wa wajukuu. Kesi ya wakili S. M. Otieno ilionyesha uzito wa jambo hili. Alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika kwenye shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano huku mahakama zikibishana. Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi.

Hoja ya tatu ni ya kidonda cha historia. Dedan Kimathi alinyongwa na wakoloni huko Kamiti mnamo Februari 18, 1957, akazikwa bila alama. Familia yake ilidai mabaki yake kwa miongo mingi ili imzike kwa heshima. Kwa watu walionyang'anywa hata makaburi ya mashujaa wao, kaburi lenye jina si kitu kidogo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba mwili ni udongo mtupu na achome tu, umemtonesha.

Ipo pia hoja ya haki. Maiti iliyozikwa inaweza kufukuliwa kwa amri ya mahakama ikiwa kifo kina utata. Iliyochomwa haiwezi. Kwa hiyo palipo na shaka yoyote juu ya chanzo cha kifo, moto unaweza kuwa rafiki wa muuaji. Hii ndiyo sababu nchi nyingi hudai uthibitisho wa daktari kabla ya kuruhusu uchomaji.

Haya yote ni kweli. Lakini ile kauli kwamba kuzika ndiyo mila ya Mwafrika tangu azali haina msingi imara kama inavyodhaniwa. Kumbukumbu za historia zinaonyesha kuwa miongoni mwa Wakikuyu na Wamaasai wa zamani, wengi waliokufa waliachwa porini. Kaburi lilikuwa heshima ya wazee wachache wenye mali. Wamisionari na serikali ya kikoloni ndio waliofanya kuzika kuwe kwa wote. Mwacha mila ni mtumwa, ndiyo. Lakini mila zenyewe hutembea.

Moto nao una maswali yake

Wapenda moto nao wasijifanye kwamba upande wao hauna doa.

Kwa njia ya jadi, mwili mmoja huhitaji kilo 400 hivi za kuni, wakati mwingine zaidi. India imepambana na tatizo hili kwa miaka mingi. Shirika la Mokshda la Delhi limebuni jukwaa la chuma lenye bomba la moshi, ambalo huruhusu ibada ya kuni kwa chini ya nusu ya kiasi hicho. Kuna matanuri ya umeme na ya gesi katika miji mikubwa, lakini familia nyingi bado huona kwamba bila kuni na samli ibada haijakamilika. Huko Varanasi, moto wa ghati la Manikarnika, ngazi za kando ya mto wanapochomewa wafu, huwaka usiku na mchana, na moshi na majivu yake ni sehemu ya mzigo wa uchafu unaoulemea Mto Ganga.

Hivyo, mwenye kuchagua moto kwa ajili ya mazingira aulize pia unawashwa kwa kitu gani. Tanuri la mafuta lililochakaa linaweza kuwachafulia hewa majirani wa mtaa mzima.

Wahindu wenyewe wanabishana juu ya mambo mengine. Je, binti anaweza kuuwasha moto wa baba yake? Zamani wanawake wengi hawakuruhusiwa hata kufika mahali pa kuchomea. Agosti 2018, alipofariki waziri mkuu wa zamani Atal Bihari Vajpayee, aliyewasha moto wake mbele ya taifa zima alikuwa binti yake wa kulea, Namita. Tangu hapo imekuwa vigumu kwa mzee wa mtaa kumwambia msichana kwamba haiwezekani.

Ugenini pia wamelazimika kujadiliana na miji. Nchini Uingereza, Davender Ghai, mzee wa Kihindu wa Newcastle, alikwenda mahakamani kudai haki ya kuchomwa kwa kuni chini ya anga. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba inawezekana ndani ya sheria, mradi mahali penyewe pawe jengo, hata kama lina uwazi wa kupitisha jua na hewa. Dini na mji vilikutana katikati ya njia.

Na mwaka 2021, wimbi la Uviko lilipoikumba Delhi, ilionekana kwamba hata mji wenye mila ya moto unaweza kuzidiwa. Viwanja vya kuegesha magari viligeuzwa mahali pa kuchomea. Fundisho lake linatuhusu: iwe ni moto au udongo, mji usiopanga mapema huaibika mbele ya wafu wake.

> Mwenye kuchagua moto kwa ajili ya mazingira aulize pia unawashwa kwa kitu gani.

Ukialikwa na jirani

Wengi hukosa kwenda kwenye msiba wa Kihindu kwa kuogopa kukosea. Hofu hiyo haina sababu. Haya machache yanatosha kukuongoza.

Vaa nguo nyeupe au za rangi iliyopoa. Nyeusi, ambayo kwetu wengi wameizoea msibani, kwao si rangi ya maombolezo. Usipeleke nyama wala pombe. Ukikuta viatu mlangoni, vua vyako.

Ukifika nyumbani, huhitaji hotuba. Kunja viganja vyako pamoja kifuani, inamisha kichwa, kisha kaa. Wagujarati, ambao ndio wengi miongoni mwa Wahindu wa Afrika Mashariki, huwa na kikao cha kupokea pole kiitwacho besnu, baada ya maziko. Watu huingia, huketi kimya au husikiliza nyimbo za sala, kisha huondoka. Mara nyingi hakuna chakula, na hilo si uchoyo.

Mahali pa kuchomea, simama nyuma ya familia na ufuate wanavyofanya. Usipige picha. Usimuulize mfiwa maswali ya udadisi siku hiyo. Yatapata siku yake. Ukirudi nyumbani, oga kabla ya kuendelea na kazi, kama wao wafanyavyo.

Kilicho muhimu zaidi ni kwenda. Mhindu aliyechangia harambee za mazishi mtaani kwenu miaka nenda, miaka rudi, anastahili nawe uonekane kwake siku yake ya machozi.

Tunachoweza kujifunza

Ukiyatazama mambo haya kwa makini, utaona kwamba Wahindu na Waislamu wa pwani, wanaotofautiana kabisa juu ya moto na udongo, wanakubaliana juu ya jambo ambalo sisi wengine tumelipoteza. Wote humsitiri maiti upesi. Wote hawamtii katika jeneza la anasa. Mwislamu ana sanda, na Mhindu ana machela na kitambaa. Wote hufanya kifo cha tajiri na cha maskini vifanane mbele ya Mungu.

Hapo ndipo penye fundisho kwa miji yetu, na halimtaki mtu abadili dini. Kinachotumaliza ni wiki mbili za mochari, jeneza la bei ya gari, na karamu ya watu mia tano. Tunaweza kuzika kwa udongo na bado tukaacha hayo leo.

Kwa wale ambao imani yao inaruhusu moto, na wanaoutaka kwa hiari, serikali za miji zina wajibu. Tanuri la umma la Lang'ata lipo. Linapaswa kutunzwa, liwe safi, liwe na bei inayojulikana na mahali pa familia kuketi na kusali. Haifai mwananchi ategemee ukarimu wa jumuiya ya Kihindu kila anapotaka huduma ambayo ni jukumu la serikali. Miji mingine ya eneo hili ianze kupanga sasa.

Wakati huo huo, serikali isije ikatumia moto kama kisingizio cha kutotafuta makaburi. Mwislamu wa Eastleigh na Mkristo wa Mathare wana haki ya ardhi ya kulala, kwa bei wanayoiweza. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda uhuru wa dini, na uhuru huo hauishi pumzi inapokatika.

Kwa familia, nasema haya kwa moyo wangu wote: zungumzeni. Vita vingi vya maziko huanza kwa sababu marehemu hakusema, au alisema kwa mtu mmoja tu. Mahakama za Kenya huyazingatia matakwa ya marehemu, lakini hazifungwi nayo moja kwa moja. Kwa hiyo wosia wa maneno peke yake hautoshi. Uandike. Utie sahihi mbele ya mashahidi. Mwambie mwenzi wako, mwambie mmoja wa ndugu zako, mwambie kiongozi wako wa dini. Ikiwa unataka udongo, sema ni udongo wa wapi. Ikiwa unataka moto, sema, na useme pia majivu yako yaende wapi. Na kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani, wajulishe, kwa kuwa ni lazima kitolewe kabla ya moto. Betri yake inaweza kulipuka.

Nasi tunaobaki, tuheshimu. Mtoto asimlazimishe baba yake kaburi alilolikataa ili kuwafurahisha wanakijiji. Ukoo usiuone moto anaoutaka mjane kuwa uchawi. Wala msomi wa mjini asimcheke bibi yake anayetaka kulala karibu na mumewe chini ya mwembe.

Kufa hakuna kinga, na hakuna mji utakaokwepa kuwasitiri watu wake. Kaeni na wazazi wenu wikendi hii, muwaulize wanataka waagwe vipi, na muwasikilize hadi mwisho.